Gari la Kufika

Dereva Joginder Singh alianza mbio za magari za Safari Rally mara 22, akamaliza mara 19. Watu humkumbuka kwa ushindi wake wa 1965, 1974 na 1976, na ni haki yake. Ila hesabu inayonishangaza mimi ni hiyo ya kwanza. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika mwisho 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 vilevile. Katika mbio zinazomeza magari kiasi hicho, mtu hafiki mara 19 kwa kudra tu. Kuna kazi iliyofanyika kabla ya bendera kupepea, kazi ya kalamu na spana, ambayo hakuna mpiga picha anayesimama kando ya barabara kuingoja.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifia, na naanza na yeye kwa sababu alizaliwa Kericho, mwaka 1932, na sisi wa nchi ya chai hatujivunii jina lake inavyostahili. Ukimwuliza kijana wa hapa mwanamichezo wa kwetu, atakutajia wakimbiaji wa miguu mpaka vidole viishe kabla hajamkumbuka dereva hata mmoja. Tena ufundi wa Joginder siku hizi umehamia mahali ambapo yeye mwenyewe, aliyefariki London mwaka 2013, huenda asingeutafuta: kwenye skrini, katika mashindano ya magari yanayoendeshwa na watu waliokaa kitini, usukani wa plastiki umebanwa mezani.

Tazama alivyosomea gari. Kabla ya kuitwa Simba wa Kenya alikuwa makanika, na mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza wa doria wa Royal East African Automobile Association, chama cha wenye magari. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani akiwaokoa walioharibikiwa. Madereva wengine wa mbio walijifunza gari likiwa linakimbia. Yeye alilipwa kulitazama likiwa limesimama. Mtu wa kazi hiyo hujua, bila kitabu, ni kipande gani hutangulia kuvunjika na ni kipi hufuata, rejeta hutobolewa na nini, na dereva alifanya kosa gani mita mia moja kabla ya kuegesha kando na kufungua boneti. Mwaka uliofuata akaingia Safari.

Gari lililompa ushindi wa 1965, nduguye Jaswant akiwa kiti cha pili akisoma njia, lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika mashindanoni. Umbo lake lilichorwa miaka ya 1940, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kikaacha kulitengeneza. Lilikuwa gari lenye mgongo wa mviringo, la kizamani hata machoni pa watu wa wakati ule, lakini chuma chake kilikuwa kizito na mambo yake machache. Walishinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja. Mwaka 1974, akiwa na David Doig, aliendesha Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6, na aliyemaliza nyuma yake alikuwa Björn Waldegård katika Porsche 911. Kwenye lami magari hayo mawili hayakai meza moja. Miaka miwili baadaye Lancer zikashika nafasi zote tatu za juu, yeye akiwa mbele.

Safari yenyewe iliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002. Ikapangwa kurudi Julai 2020, korona ikaizuia, ikarudi Juni 2021 huko Naivasha. Lakini Septemba 2020 gemu ya ubingwa huo, WRC 9, iliyotengenezwa na Wafaransa wa KT Racing, ilikuwa tayari madukani ikiwa na Kenya ndani yake. Kwa hiyo kwa miezi tisa na ushei, aliyetaka kuendesha Safari ya ubingwa wa dunia hakuwa na barabara nyingine ila ile ya kwenye televisheni. Novemba 2023 ikaja EA Sports WRC, kazi ya Waingereza wa Codemasters, ambamo mchezaji anaweza pia kujiundia gari lake mwenyewe, kipande baada ya kipande, badala ya kupewa lililokwisha kuundwa. Hapo ndipo nilipoanza kuwafuatilia wapangaji.

Wapangaji nasema, wala sisemi wachezaji. Mchezaji anawasha mashine, anachagua gari lenye rangi nzuri, anakanyaga. Mpangaji anafungua daftari. Mara ya kwanza hupita njia nzima bila kujali saa, kwa mwendo wa mtu anayetafuta kiwanja cha kununua: anasimama, anarudi nyuma, anachungulia kilicho nyuma ya ukingo. Daftari zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona lilikuwa na safu tatu tu. Ya kwanza umbali tangu mwanzo wa njia. Ya pili kilichopo: jiwe upande wa kushoto, mfereji unaokatiza, kona inayozidi kubana ukiwa ndani yake. Ya tatu neno moja: chukua, linda au pita. Chukua ni mahali ambapo sekunde zipo na gari halitadhurika. Pita ni mahali pasipo na faida wala hatari. Linda ni mahali ambapo umeamua leo, ukiwa umetulia na kikombe chako cha chai, kwamba kesho utakwenda taratibu hata damu ikichemka vipi.

Neno linda ndilo lililobeba ufundi wote. Kuongeza kasi hakuhitaji daftari. Mguu wa kulia unajua kazi hiyo wenyewe. Kinachohitaji maandishi ni kupunguza, kwa sababu unapofika pale penye jiwe utakuwa na sababu kumi za kutopunguza: umechelewa, mpinzani yuko mbele, kona iliyopita umeikata vizuri ukalewa sifa. Uamuzi uliokwisha kuandikwa hauna mjadala.

Linda zikihesabiwa, ndipo gari linapoguswa. Zikiwa nyingi, gari huinuliwa. Kimo kikubwa huokoa tumbo la gari kwenye mawe, lakini hulifanya liyumbe kwenye kona, na kuyumba huko kunalipiwa kwa sekunde. Mpangaji huinua kiasi cha kupita jiwe baya zaidi lililo katika daftari lake, basi. Springi nazo hulegezwa ili gurudumu lifuate ardhi badala ya kuipiga ngumi.

Shoki ndizo zinazomtenga fundi na mbahatishaji, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Gemu hizi hutenganisha namna mbili za gurudumu kupanda. Kuna kupanda polepole, gari linapolalia upande kwenye kona au linapoinamia mbele likishikwa breki. Na kuna kupanda kwa ghafla, gurudumu linapokutana na jiwe. Mbahatishaji hukaza vyote viwili, kwa sababu gari lililokazwa linahisi kama gari la mbio. Kisha jiwe la kwanza linamrusha vichakani. Fundi hukaza ule upandaji wa polepole ili gari lisilale, akaulegeza ule wa ghafla ili jiwe limezwe. Halafu kuna kurudi chini, jambo ambalo wengi hawaligusi kabisa. Gurudumu likirudi haraka mno, gari hudundadunda. Likirudi taratibu mno, linakuta shimo la pili kabla halijanyooka kutoka la kwanza, na kufikia shimo la nne springi imejikunja yote, haina tena nafasi ya kumeza kitu. Dereva atasema gari limekuwa gumu ghafla katikati ya njia. Halikuwa gumu. Lilikuwa linapungukiwa na pumzi shimo baada ya shimo, na aliyepanga hakuandika kwamba mashimo pale huja kwa mfululizo.

Nimemtazama mtu akisogeza kipimo hicho kimoja hatua mbili, akaendesha kilomita zilezile, akaandika, akarudisha hatua moja, akaendesha tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha viwili kwa pamoja na gari likapona, hatajua kilicholiponya. Kumtazama kunachosha kwa dakika kumi za kwanza, baadaye unaanza kuona raha yake, na hatimaye unamkasirikia anayeingia chumbani na kuuliza mechi inaanza saa ngapi.

Gia huja mwishoni, na ndizo zinazonipa shida kuwaeleza wanaoamini kwamba gari ni injini. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Lancer ya Joginder ilipumua hewa hiyohiyo kwa kabureta. Magari ya leo yana tabo na hayateseki kiasi hicho, ila swali la mpangaji halijabadilika: kwenye ule mteremko mrefu, je, gia ya juu itafika mwisho wake kabla ya kona au baada yake? Akiifupisha, atatoka kwenye kona za matope kwa nguvu lakini injini itapiga kelele bure kwenye tambarare. Mwenye daftari hana haja ya kukisia. Anazihesabu kona, anazipima tambarare, anaamua.

Kisha tairi. Ngumu hudumu na hustahimili mawe. Laini hushika udongo uliolowa lakini huisha haraka. Katika Safari halisi ya leo timu huamua pia kama gari libebe spea moja au mbili, na watu hubishana usiku kucha juu ya hiyo ya pili, maana ni uzito unaobebwa kwenye kila kona kwa ajili ya pancha ambayo huenda isitokee. Kwenye njia ya Kedong, ambako vumbi laini huficha mawe usiyoyaona mpaka yakugonge, walioacha spea ya pili wamewahi kujuta, na walioibeba bure wamewahi kushindwa kwa sekunde chache. Hakuna jibu la kudumu. Napenda fani isiyo na jibu la kudumu.

Mfano ninaourudia ni wa Safari ya Juni 2021. Dereva Sébastien Ogier aliharibikiwa na shoki siku ya Ijumaa akapoteza karibu dakika mbili. Kwa mbio za Ulaya hesabu hiyo ingekuwa imekwisha. Yeye aliendelea, bila pupa, akiwaacha wengine wakutane na mawe yao. Mpinzani wake Thierry Neuville aliingia Jumapili asubuhi akiongoza kwa karibu dakika nzima. Katika njia ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, shoki ya nyuma ikamsaliti, akatoka. Ogier akashinda. Jina la njia hiyo nililikuta limeandikwa juu ya ukurasa wa daftari la mpangaji mmoja, peke yake, bila maelezo. Hakuhitaji maelezo.

Najua msomaji ananingoja niseme haraka haraka haina baraka. Sisemi. Methali hiyo ni ya mtu ambaye hana mpinzani. Ogier alikuwa na haraka, Joginder alikuwa na haraka kuliko wengi. Tofauti ni kwamba walijua mapema haraka yao wataitumia wapi.

Sasa, kwa nini nchi ya chai? Kwa sababu barabara hizi tunazo. Kutoka Litein kushuka kwenye mabonde, kutoka Silibwet kuelekea mashambani, changarawe nyekundu hupita kati ya michai iliyokatwa sawasawa, kona baada ya kona, na huwezi kuona kinachokuja kwa sababu michai na kingo za udongo vinaziba. Mvua hutujia mchana karibu mwaka mzima, na ile ya mawe huangukia Kericho mara nyingi kuliko karibu popote duniani. Asubuhi barabara ni ngumu na inashika. Saa tisa alasiri ni sabuni. Atakayepanga kwa barabara ya asubuhi na kuiendesha alasiri tutakwenda kumtoa mtaroni.

Wanaojua hilo kuliko sisi sote ni madereva wa malori ya majani chai. Jani likishachumwa halingoji. Likikaa kwenye gunia muda mrefu linapata joto na kuharibika, kwa hiyo lazima lifike kiwandani siku ileile, iwe Momul, Kapkatet au Mogogosiek, mvua inyeshe isinyeshe. Mtazame dereva wa lori anapokaribia mlima uliolowa. Anasimama chini kabisa, pakavu. Anachagua gia moja, ya chini, na kwa gia hiyo atapanda mpaka juu. Habadilishi katikati, kwa sababu akikanyaga klachi kwenye utelezi lori litarudi kinyumenyume na mzigo wote. Hatafuti mkondo wa magurudumu ya waliotangulia ikiwa umekwisha kuwa mfereji. Anapanda ukingo wenye majani, ambako tairi linapata cha kung'ata. Uamuzi wote umefanyika kabla ya mlima. Ukimwuliza amefanyaje, atakwambia amepanda tu.

Gemu zenyewe zimeanza kulielewa hilo. DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019 iliweka barabara inayochimbika kadiri magari yanavyopita, hivi kwamba anayeanza wa kumi hukuta njia nyingine kabisa. Mpangaji wa kweli huuliza kwanza ataanza wa ngapi. Mwaka 1965 Joginder alikuwa na namba 1 mlangoni: hakuna vumbi la mtu mbele yake.

Kuna jambo jingine linalofanya mbio za aina hii zitufae kuliko zile za magari mengi kukimbizana uwanjani. Katika rally kila mtu huendesha peke yake dhidi ya saa. Mashindano ya mtandaoni ya namna hiyo humpa kila mshiriki siku kadhaa za kuendesha njia zake wakati wake, matokeo yakalinganishwa baadaye. Kwa hiyo kasi ya intaneti, ambayo ingemnyima kijana wa Bomet nafasi dhidi ya mwenzake wa London, haina usemi mkubwa. Kinachobaki ni stima. Radi za alasiri huizima, na katika mashindano mengi ya aina hiyo njia ikishaanza hakuna kuanza upya; ukizimikiwa katikati umepoteza. Basi hata saa ya kuendesha huingia katika mpango: asubuhi, kabla mawingu hayajapanda kutoka upande wa ziwa.

Kuhusu gharama sitadanganya. EA Sports WRC inataka mashine kama PS5 au kompyuta yenye nguvu, na vibanda vingi vya gemu vina mashine za zamani na wateja wanaotaka mpira. Lakini WRC 9 na DiRT Rally 2.0 zinakubali PS4, na kibandani unalipia muda wa mashine, hulipii muda wa kufikiri. Daftari linaandikiwa nyumbani. Mwenye mpango akiketi, kila shilingi yake inakwenda barabarani. Asiye nao hulipa ili ajifunze kona ambazo mwenzake amekwisha kuziandika. Nimewaona wa pili hao wakiomba kuongezewa dakika tano. Tena kasi ya skrini haidharauliwi tena: mwaka 2021 shirikisho la magari duniani, FIA, lilipoanzisha mpango wake wa kusaka madereva chipukizi, Rally Star, gemu ilikuwa mojawapo ya milango ya kuingilia.

Kama ningepewa kuandaa mashindano hapa kwetu, tuseme kwenye ukumbi mmoja mjini Kericho wenye jenereta, ningeweka masharti machache. Gari moja kwa njia zote, liundwe na mshiriki mwenyewe. Matengenezo nusu saa tu. Hakuna kuanza upya. Na kila mmoja akabidhi daftari lake mezani kabla ya mbio, lisomwe hadharani baada ya mbio, likilinganishwa na yaliyotokea. Zawadi ya kwanza ingekwenda kwa mwenye muda bora, kama kawaida. Ya pili kwa ukubwa ingekwenda kwa yule ambaye daftari lake lilikisia vizuri zaidi mahali gari litakapoumia, hata kama amemaliza wa tisa. Ningemwalika dereva wa lori la majani awe mmoja wa waamuzi. Wenye kasi watabisha, na watakuwa na hoja. Wangoje zamu yao ya kusomewa daftari.